Kabati la Spika Mbili

Fundi Msasa alifanya kosa ambalo hata aliyeanza kujifunza useremala leo asubuhi halifanyi: alitengeneza kabati kabla ya kununua kitakachokaa ndani yake. Jina hilo la Msasa alipewa na wateja kwa sababu hatulii. Mkaribishe chai, atapapasa meza yako, atachungulia miguu ya kiti, atakuambia mlango umepinda. Mkewe humwita mara tatu ndipo ageuke, naye hujitetea kwamba ana mawazo mengi.

Basi alikwenda dukani na futi yake, akazipima spika mbili za stirio ya bei mbaya, akarudi akachonga kabati la televisheni lenye vyumba viwili virefu, kulia na kushoto. Mtaa mzima ukaja kulitazama.

"Baba watoto, zizi tumeliona," mkewe akamwambia. "Ng'ombe je?"

Stirio aliitaka kwa ajili ya muziki, tusimfichie. Lakini mdomoni alisema ni ya mama, na kwa kweli mama alikuwa na shida. Mama yake aliishi nao, na masikio yalikuwa yameanza kumtupa mkono. Jioni wakitazama tamthilia, watu wakicheka, yeye huuliza, "Amesema nini?" Mwanzoni wajukuu walimrudia kwa upole, baadaye kwa mkato, mwisho wakawa wanamwambia, "Si kitu, bibi." Hiyo "si kitu" ndiyo iliyomkata maini. Akaacha kuuliza, kisha akaacha hata kukaa sebuleni. Siku moja akamwita mwanawe chumbani, begi liko wazi kitandani.

"Mwanangu, Jumapili nakwenda kwa dada yako. Yeye hana televisheni, kwa hiyo tutakuwa sawa."

Alisema kwa utani, ila nguo zilikuwa zimekunjwa kweli.

Tangu hapo Msasa hakupata raha. Karakana ilimshinda; aliagizwa kitanda, akakata mguu mmoja mfupi. Mama kuondoka nyumbani kwake kwa sababu ya tamthilia, yeye ataitazama dunia kwa uso gani? Akajipa moyo kwamba spika kubwa zitamaliza kazi. Sauti ikiwa kubwa, nani asisikie? Jumamosi akamchukua mama, wakaenda dukani.

Muuzaji akawasha stirio. Gitaa likalia upande huu, ngoma zikajibu upande ule, Msasa nywele zikamsimama.

"Unasikia hiyo, mama?"

"Nasikia, baba. Kelele nzuri."

Kisha muuzaji akaweka tamthilia. Besi ikanguruma, muziki ukameza maneno. Mama alinyoosha shingo, macho kwenye midomo ya waigizaji. Waigizaji wakacheka. Mama akamgeukia mwanawe, akafungua mdomo kuuliza, halafu akaufunga. Msasa akauona ule mdomo ukifungwa, na ikamuuma hasa.

"Kuna hii hom thieta," muuzaji akasema, "ila si ya hadhi yako, fundi. Ni rahisi, plastiki tupu."

Zilikuwa spika ndogo ndogo, na sabufa yake, lile boksi la besi. Moja ililazwa chini ya televisheni. Maneno ya waigizaji hutoka kwenye hiyo ya katikati, muuzaji akaeleza, na unaweza kuipandisha sauti peke yake. Akabonyeza rimoti, akaipandisha.

Mama akacheka. Akacheka kabla ya wote.

"Mwongo mkubwa huyu," akasema. "Ati katoka sokoni, na kapu tupu."

Ungedhani kazi imekwisha. Wapi! Msasa alitoka nje, akarudi. Akaomba stirio iwashwe tena. Akatoa futi akazipima zile spika upya, kana kwamba zingekuwa zimekua. Kabati zuri namna ile, ndani viplastiki? Mtaa utamcheka mpaka uchoke.

"Nunua unayoitaka wewe, mwanangu," mama akasema taratibu. "Mimi kesho sipo."

Msasa akafunga futi.

"Nifungie hiyo ya plastiki," akamwambia muuzaji, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

Jioni ile shemeji yake alipita, akavitazama vyumba vya kabati na vispika vilivyosimama ndani, akauliza kama vimesinyaa kwa kuoshwa. Mama alikuwa amekaa mbele kabisa, anacheka na wajukuu, anamtukana yule mwongo wa kapu. Begi lilikuwa bado chumbani, limefungwa, na Msasa hakuthubutu kuliulizia. Alihangaika na nyaya, akanyoosha hiki, akasukuma kile, mwishowe akakaa.

Kwenye kioo cha televisheni, mwigizaji mmoja alimnong'oneza mumewe neno. Sebule nzima ikaangua kicheko, isipokuwa Msasa.

"Amesema nini?"

Mkewe akamtazama, na zile mara tatu za kumwita zikamrudia zote. Miaka mingapi mume huyu amesimama kwenye kelele ya randa ya umeme, masikio wazi bila kinga?

"Si kitu, ba..." mtoto mmoja akaanza.

Bibi akamnyooshea kidole, mtoto akakoma. Kisha bibi akaipandisha sauti kidogo ile spika ya katikati, akamvuta mwanawe akae karibu, akamrudia neno kwa neno, polepole, mpaka Msasa naye akacheka.

"Sasa nikienda kwa dada yako," akasema, "wewe atakuambia nani?"