Bi Mahesabu na Mkono wa Kaka Yangu

Mke wa mtoto wa kaka yangu kazi yake ni kuhesabu chembe za ubongo. Mwenyewe anaziita seli. Sikutanii. Wenzake wanauza, wanashona, wanafundisha watoto, yeye anakaa sebuleni kwenye kiti cha plastiki, kompyuta mapajani, anahesabu vitu ambavyo hajawahi kuvishika. Na mshahara unaingia! Nilimpachika jina la Bi Mahesabu siku ileile alipoolewa, na mpaka leo mumewe, dereva wa lori, akipiga simu anauliza, "Bi Mahesabu hajambo?"

Kwa kumtazama ni mtu wa kawaida tu. Mfupi, magoti yanasalimiana, anacheka kwa pua. Wali wake unaungua kila mara, maana akianza kuwaza hasikii harufu. Kitu kimoja tu Mungu alimpa bila choyo: nywele. Nyingi, nzito, anazisuka mwenyewe amekaa mlangoni, na hapo ndipo utamwona ana maringo. Sasa mtu anayeunguza wali, mimi nimkabidhi ubongo wa kaka yangu?

Kaka yangu ni kinyozi. Kiharusi kilimkuta kazini, mashine ya kunyolea mkononi. Mashine ikaanguka, naye akaifuata chini, mteja akatoka mbio barabarani kuita watu, kichwa kimenyolewa nusu. Kaka aliporudi kutoka hospitali, mkono wa kulia ulikuwa unaning'inia kama nguo mbichi. Na maneno yote yalikuwa yamemkimbia isipokuwa moja: "Anayefuata." Ndilo alilowaitia wateja maisha yake yote. Akitaka maji, "Anayefuata." Akikasirika, "Anayefuata!" Akiniona naingia analisema polepole, mdomo upande, na mimi najua hiyo ni salamu.

Nikahamia kwao. Nani mwingine? Mwanawe yuko njiani na lori, na mke wa huyo mwana ndiye Bi Mahesabu. Nikawa namlisha kaka, namfuta mdomo, namfunga vifungo. Na kila nikinyanyua kijiko, macho ya Bi Mahesabu yananichungulia juu ya kompyuta. Ananitazama mimi, anamtazama kaka, kisha vidole vinakwenda ta-ta-ta-ta.

"Unaandika nini?" nikamwuliza.

"Kazi, shangazi."

"Kazi gani hiyo inaandikwa huku unamkodolea mgonjwa?"

Akaigeuza kompyuta nione. Madoa matupu. Katikati meusi, kuyazunguka ya kijivu, halafu mengine yenye ncha ncha kama nyota.

"Damu ikizibwa kichwani," akasema, "hizi za katikati zinakufa upesi. Hizi za kijivu hazijafa, zimenyamaza tu. Ni kama benchi la kule dukani kwa baba. Kuna walioondoka, hao hawarudi. Kuna waliosinzia. Mimi natafuta kwa hesabu, hao waliosinzia ni wangapi wataamka, wangapi wataondoka, na kwa haraka gani."

"Na hizo nyota?"

"Hao walinzi. Zinakimbilia penye jeraha, zinajenga ukuta ili uharibifu usienee. Bila huo ukuta mambo yangekuwa mabaya zaidi. Ila ukikaa mno, matawi mapya yanakosa pa kupita."

"Umezihesabu kichwani mwa nani?"

Akacheka kwa pua. "Vipimo ni vya panya, shangazi. Wenzangu walipima, mimi natengeneza hesabu."

Panya! Nikaifunga ile kompyuta kwa kiganja changu. "Kaka yangu hana mkia," nikamwambia.

Tangu hapo nikamweka machoni. Na ukimweka mtu machoni, utaona. Nikimwekea kaka chai upande wa mkono mzima, nikirudi naikuta imehamia upande wa mkono uliolala. Redio nayo imehamia hukohuko. Nikishika kijiko, "Shangazi, mwache ajaribu." Ajaribu nini? Mtu anamwagikiwa kifuani kama mtoto anayeota meno, na yule mwanamke amekaa anaangalia! Nikajisemea, hapa mtu anajaza madoa yake. Panya wamemwishia, sasa anamtumia baba mkwe.

Halafu ukaanza mchezo wa mlango. Mchana, nikienda uani kuanika nguo, nikirudi chumba cha kaka kimefungwa kwa ndani. Nikibisha, "Tunapumzika, shangazi." Wanapumzika? Nikitega sikio nasikia kitu kinadondoka, kinaokotwa, kinadondoka tena, na kaka anahema kama aliyebeba magunia.

Siku moja nikaacha nguo kwenye beseni, nikavua viatu, nikarudi kimyakimya na kuusukuma mlango kabla haujafungwa.

Nilichokiona sitakisahau. Kaka amekaa mezani, mkono wake wa kushoto, ule mzima, umevishwa soksi mpaka kwenye kiwiko na kufungwa kwa mtandio kwenye kiti. Mbele yake vibanio vyangu vya nguo, nilivyokuwa navitafuta wiki nzima! Anahangaika kuvishika kwa ule mkono uliolala. Jasho linamtiririka. Machozi pia.

"Mnyama wewe!" nikasema.

"Shangazi, nisikilize..."

"Umemfunga baba yako mkwe kama mbuzi!"

"Si mimi niliyebuni. Yule mtaalamu wa mazoezi hospitalini alinionyesha. Mkono mzima ukifanya kila kitu, mgonjwa anasahau ule mwingine. Miezi hii ya mwanzo ndiyo mizuri, shangazi, ikitupita itakuwa vigumu zaidi."

"Na zile hesabu zako zinasemaje?"

"Hazisemi kitu. Hazimjui baba. Sijawahi kuandika hata herufi moja kumhusu."

"Mbona ulijifungia, kama ni jambo la haki?"

Akainamisha kichwa. "Nilijua ungemfungua. Unamfanyia kila kitu. Mwanzoni ilimsaidia, bila wewe tungeaibika. Lakini sasa..."

Akanyamaza. Mimi sina shule, ila masikio ninayo.

"Kwa hiyo mimi ndiye ule ukuta."

"Sijasema hivyo, shangazi."

"Umesema kwa kunyamaza."

Nikatoa simu, nikampigia mumewe palepale, na yeye akisikia. Nikamwambia lori likipita huku litubebe mimi na baba yake, tunakwenda kwangu, na huko hakuna soksi. Kijana akagunaguna, mwisho akasema, "Haya, shangazi, ukiona hivyo." Bi Mahesabu akakaa kitandani.

"Ukimchukua sasa, hatashika mashine tena," akasema.

"Kwani atashika? Wewe ungempa kichwa chako?"

Nilisema kwa kumkomesha. Akainuka, akafungua kabati, akatoa kile kitambaa kikubwa cha kunyolea na mashine ya kaka, ambayo haikuwa imeguswa tangu siku ile. Akaivuta stuli mbele ya kaka, akakaa, akajifunga kitambaa shingoni. Kisha akaanza kuzifumua zile nywele.

"Wewe, una wazimu?" nikamwuliza.

"Baba," akasema, wala hakunigeukia, "mteja amefika."

Akaiwasha, akaiweka kwenye kiganja cha kulia cha kaka, vidole akavikunja kimoja kimoja. Ikaanguka. Akaiokota. Ikaanguka tena, ikawa inazunguka sakafuni kama mdudu aliyepinduka. Nilitaka kumwambia basi, lakini nikauona uso wa kaka. Ule haukuwa uso wa mgonjwa. Ulikuwa uso wa kinyozi aliyeudhika na mashine yake.

Mara ya tatu haikuanguka. Mkono ukapanda, unatetemeka, soksi bado iko kwa yule mwenzake. Mashine ikagusa juu ya sikio, ikapinda, ikapanda mpaka utosini, na fungu zima la nywele likateremka mapajani mwake. Njia ilivyopinda! Kama panya kapita majanini. Kushika, kaka alishika. Kuachia ndiko kulikomshinda. Ilibidi Bi Mahesabu ainue mikono yake, avikunjue vile vidole huku analia na kucheka kwa pua.

Kaka akanitazama mimi. "Anayefuata," akasema. Na safari hii haikuwa salamu.

"Hata usinitazame," nikamwambia. "Kichwa changu nakipenda."

Nikampigia tena dereva. Nikamwambia lori lisisumbuke.

"Kwa hiyo umemsamehe mke wangu?"

"Nani kazungumza habari za kusamehe? Alinifungia mlango. Na vibanio vyangu aliiba. Nabaki hapa nimchunge vizuri."

Jioni nilipika supu mwenyewe. Bakuli la kaka nikaliweka upande wa kulia, kijiko pembeni yake, nikavuta kiti nikakaa juu ya viganja vyangu vyote viwili. Kijiko kikapanda, kikamwaga, kikapanda tena. Ng'ambo ya meza Bi Mahesabu, kilemba kichwani kuficha ile njia, akatutazama, mkono ukaanza kuitafuta kompyuta.

"Ukiandika hata herufi moja," nikamwambia, "naitumbukiza kwenye ndoo."