Nilisoma kitabu cha watoto joshoni, ng'ombe wakaingia kwenye mahindi ya Mama Ghati

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Leo naandika kifua mbele, na ninachosimulia nilikiona kwa macho yangu mawili. Asiyeamini aje huku Serengeti, kata ya Mbalibali, siku ya kuogesha ng'ombe, aulize yeyote.

Mimi ni afisa mifugo. Nyumbani ni Njombe, kazi ikanileta Mara, na huku wananiita daktari.

Nina ugonjwa mmoja ambao wenzangu ofisini wamenitania mpaka wamechoka: napenda vitabu vya watoto. Vya watoto na vya vijana, vile vyembamba, cover ina mchoro. Wengine mkienda mjini mnarudi na viatu, mimi narudi na hivyo. Waandishi wetu nawajua kwa majina kama mnavyowajua wachezaji wa timu zenu.

Na msiniambie ni vitabu vyepesi. Mwandishi wa watu wazima anaweza kukuchosha kurasa thelathini ukamvumilia kwa adabu. Mtoto hana hiyo adabu. Ukimchosha anainuka anaenda kucheza. Anayeweza kumkalisha mtoto chini ni fundi, na mimi namvulia kofia.

Turudi kwenye mada.

Josho letu linafanya kazi Jumamosi. Wanaoleta ng'ombe wengi ni watoto, maana siku hiyo hawaendi shule. Kundi moja likiogeshwa mengine yanasubiri, na huko kusubiri ndiko kunakozaa ugomvi wa fimbo. Dawa inasimamiwa na wajumbe wa kamati ya josho. Mimi naita makundi kwa kipaza sauti cha mkono: kundi la fulani, sogea.

Jumamosi moja nikaona kipaza sauti kimekaa tu. Nikatoa kitabu kwenye begi, nikaanza kusoma.

Ikawa kila Jumamosi, na utaratibu ulikuwa kwamba kabla ya kusoma nataja jina la mwandishi, na watoto wanalirudia wote kwa pamoja. Hapa silitaji, msije mkasema nimelipwa kupiga promo. Ni mama wa Kitanzania, yuko Morogoro.

Hadithi yenyewe ni ya binti wa kidato cha pili. Mama yake amefariki, akamwachia ng'ombe mmoja. Baba zake wadogo wanataka kumuuza huyo ng'ombe. Binti anamswaga ng'ombe wake kwenda kwa bibi, ng'ambo ya mto, na mto umefurika.

Wakuu, fimbo zilipungua. Hata wafugaji waliokuwa wanakwepa kuogesha wakaanza kuleta mifugo, maana watoto walikuwa hawawapi raha nyumbani wakidai kuja joshoni.

Sasa ikafika siku ya mto. Ng'ombe kaingia majini, maji yamefika shingoni, binti kashika mkia. Watoto wamenisogelea. Mimi mwenyewe nimesahau kuita makundi, na hapo nilishakisoma kabla.

Mara nikasikia mabua yanavunjika nyuma yangu.

Kugeuka, makundi yote yaliyokuwa yanasubiri yako kwenye mahindi ya Mama Ghati, shamba lililopakana na josho. Hakuna mtoto aliyekuwa amegundua, na mimi vilevile. Nikafunga kitabu, tukakimbia kuwatoa. Sehemu kubwa ilikuwa imeshaliwa.

Huku mahindi ya mtu yakiliwa na ng'ombe, ndugu wanaweza kuacha kusalimiana miaka. Kikao kikaitishwa pale shuleni, darasani, na hoja ilikuwa moja: vitabu vikome.

Aliyeileta ni Mzee Marwa, mwenyekiti wa kamati ya josho. Hapigi kelele, na ndiyo maana watu wanamwogopa.

"Daktari, sisi tulikupokea vizuri," akasema. "Lakini josho ni la ng'ombe. Watoto tumewatuma kuchunga. Hatujawatuma kusikiliza hadithi za kitoto."

Wazee wakaitikia. Nje watoto walikuwa wamejaa madirishani wananitazama, lakini mahindi kweli yameliwa. Niliumia sana. Nilijua wakipitisha hilo, kwa wale watoto hadithi imekwisha, tena imeishia mtoni.

Mzee Marwa akamgeukia mwenye shamba.

"Mama Ghati, shamba lako na josho ni pua na mdomo. Ulikuwepo siku hiyo?"

"Nilikuwepo, tata. Nilikuwa napalilia."

"Na hukuona ng'ombe wanaingia?"

"Niliwaona."

Darasa zima likamgeukia.

"Uliwaona, ukanyamaza?"

"Nilisema ngoja kwanza yule wa kwenye maji avuke."

Watu walicheka mpaka mbwa wakabweka nje. Mama Ghati hakucheka.

"Mnacheka nini? Kile kipaza sauti kinafika mpaka jikoni kwangu, kila Jumamosi nasikiliza. Mahindi yangu wenye ng'ombe watanirudishia wakivuna, hilo halina mjadala. Lakini daktari alifunga kitabu ng'ombe yuko majini. Mpaka leo sijui kama alivuka. Mkikataza, nani ataniambia?"

Mzee mmoja nyuma akauliza taratibu, "Kwani alivuka?"

Mwingine akamjibu, "Ng'ombe anavuka, mradi huyo binti asiuachie mkia." Wa tatu akapinga, akasema kwa mto uliofurika inategemea umemwingizia upande gani. Wakaanza kubishana. Watu waliokuja kukataza hadithi.

Mzee Marwa akagonga dawati.

"Mura, hicho kitabu unacho hapa?"

Kwa Kikurya tata ni baba, mura ni kijana. Kitabu nilikuwa nacho.

"Soma. Tumalize hii kesi."

Nikasoma mpaka ukurasa wa mwisho. Mwisho wake siwaambii, mkinunue.

Mzee Marwa akauliza, "Aliyeandika ni Mkurya?"

"Hapana mzee. Ni mama mmoja wa Morogoro."

"Yuko hai?"

"Yuko hai."

Akafikiri. Kisha akasema, "Anajua ng'ombe."

Wakuu, mimi nimesomea mifugo, vyeti ninavyo, nimewatibia ng'ombe wao usiku na mchana. Sijawahi kuambiwa hivyo na mzee yeyote huku. Na bado nilijivuna utadhani kitabu nimekiandika mimi.

Ikaamuliwa vitabu viendelee, ila wakati wa hadithi watu wazima ndio walinde mifugo. Jumamosi iliyofuata wazee wakaja na fimbo zao, wakajipanga kati ya ng'ombe na shamba. Nikafungua kitabu kipya. Ukurasa wa pili nikainua macho, wote wamewapa ng'ombe mgongo.

Salama yetu, Mama Ghati alishazungushia shamba lake miiba. Anawajua watu wake.

Nilichojifunza: kitabu kikiitwa cha watoto, maana yake mtoto anaingia wa kwanza. Wengine hawajafungiwa mlango.

Karibuni tuchangie. Nitajieni vingine vyenye mifugo ndani, vitabu begini vinakaribia kwisha na hawa wazee hawadanganyiki.

Na kama yule mama wa Morogoro yumo humu jukwaani kwa ID yoyote, ajue kuna kikao cha wafugaji kilikaa Mbalibali, na kimepitisha kwamba anajua ng'ombe.