Miraa Kabla ya Kupimwa Moyo

Naikumbuka vizuri, mwanangu, asubuhi ya Jumatano niliyokwenda Embu kupimwa moyo. Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa kijana wa Muthara ambaye hakuwahi kulala nje ya boma la mama yake zaidi ya mara mbili. Nilikuwa nimeahidiwa kazi ya kuendesha lori la kahawa huko Githongo, ila walitaka karatasi ya daktari kabla ya Ijumaa adhuhuri.

Mimi nilishuku kila kitu. Jirani alikuwa ameniambia kwamba zile nyaya za mashine hunyonya nguvu za mwanamume. Basi nikajikinga kwa njia ya kwetu: njia nzima nilitafuna miraa, kitita kizima, nipate ujasiri. Ujasiri sikuuona. Moyo ndio ulikuwa ukienda kama cherehani.

Daktari, mama mmoja mwenye miwani, alinibandika nyaya, akatazama karatasi ikitoka, akaitazama tena. Kutazama kule kukanitia shaka zaidi.

"Kijana, umekuja ukikimbia?"

"Hapana, daktari."

"Umetafuna?"

"Mimi? Hata chai situmii."

"Na hayo ya kijani kwenye meno?"

"Ni mboga ya sukuma, daktari."

Moyoni nikasema, huyu ana mpwa wake anayeitaka kazi yangu.

Akavuta kiti. "Sikiliza. Moyo ukipiga, umeme wake lazima utulie na kujiandaa kabla haujapiga tena. Ukienda mbio, muda huo unapungua. Ukienda polepole, unaongezeka. Kwa mtu mwenye afya hiyo ni kawaida. Lakini ukinificha kinachoukimbiza, nitaandika una ugonjwa usio nao, au nitapitisha ulio nao. Sasa, sukuma hiyo ilitoka shamba gani?"

Nikakiri. Alicheka mpaka akavua miwani. "Nenda nyumbani. Usiguse miraa, urudi Ijumaa asubuhi."

Ijumaa moyo ulipiga taratibu, umeme ukachukua muda wake, daktari akatia sahihi. Lakini nilipofika Githongo jua lilikuwa limeinama, na lori limeondoka na dereva mwingine. Nikarudi kwa mama. Tangu hapo sijatoka, na wewe ni shahidi.

Mwanangu, kushuku si kosa. Uliza nyaya ni za nini, uliza mpaka daktari achoke. Ila usimdanganye anayekupima. Karatasi itamwonyesha kwamba moyo unakimbia; kilichoukimbiza unakijua wewe. Kitaje mapema, hata kama ni aibu. Mimi aibu ya dakika moja niliikwepa, nikapoteza siku mbili na lori zima.

Mungu akupe afya, akufungulie kazi unayoitaka, na mama yako asikuzoee nyumbani kama wangu alivyonizoea.