Nilivyokwenda Amerika Kuulizia Ukoo wa Mchumba

Kwetu Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, msichana haozwi kwa picha ya simu. Mjukuu wangu Salma, muuguzi huko Amerika, alipoposwa na Idrisa, kijana wa huko aliyesilimu, wazee wakanitazama mimi. Nenda, Bi. Zainabu, kaulizie ukoo, utakalosema ndilo. Nilijivuna. Mababu zangu nawahesabu saba bila kuvuta pumzi.

Alfajiri nilivuka daraja la Makupa, Kibarani yanuka matope, hadi uwanja wa ndege. Nilishuka Amerika kesho yake, miguu imefura kama mahamri.

Siku ya tatu Salma na Idrisa walinipeleka mashambani kwa nyanyake Idrisa, Bi. Martha, mweusi kunishinda, mkali kama mimi. Salma akitufasiria.

"Nyinyi wana wa nani?" nikamuuliza kabla sijaketi.

"Njoo."

Kando ya mto palikuwa na jumba la mbao na kaburi la fahari. Akanisomea jiwe: mzaliwa wa Uingereza, alivuka bahari kijana, akapewa ardhi na mfalme wake, akaoa wake wawili, akazaa watoto tisa. Majina yote yamechongwa. Roho yangu ikatua. Watu wenye asili hawa!

"Huyu ni babu yetu," akasema, "lakini hapa hatumo. Alizaa pia na mtumwa wake wa jikoni. Sisi ni wa huyo. Yuko kule."

Kule ni magugu, na mawe yasiyo na hata herufi moja.

"Haya, bibi wa Mombasa. Kijana wangu wamtaka, humtaki?"

Mamake nyanya yangu naye alikuwa mtumwa, alinunuliwa. Watoto wake walitambuliwa na baba yao, bwana aliyemnunua, wakawa waungwana, yeye hatumtaji. Kaburi lake silijui.

"Namtaka," nikasema.

Niliporudi Mji wa Kale, dadangu mkubwa Rukia alikuja kunywa kahawa na habari.

"Ehe! Wana wa nani?"

"Wa mwenye ardhi na mtumwa wake. Kama sisi."

"Funga domo, Zainabu! Watu wapita!"

"Na wasikie."

Akavaa buibui lake, kikombe kingali kimejaa.

Salma ameolewa. Harusi ilikuwa hapa kwetu, lakini maneno yalishaenea, upande wetu walikuja watu wanne tu. Safari imenifunza kwamba nilikwenda mbali kote kule kuuliza swali ambalo kwangu sijathubutu kuuliza. Sasa nataka kuuliza. Rukia hanisemeshi hadi leo, na ndiye pekee aliyebaki ajuaye yule mama aliyenunuliwa aliitwa nani.