Bima ya Mkata Mifupa

Mume wangu alikata mifupa ya ng'ombe miaka thelathini na moja katika machinjio ya ugenini, na siku aliyostaafu bima ya kampuni ikakatika papo hapo. Kurudi kwetu hataki, wajukuu wako huku. Basi tukaenda kwa wakala wa bima, mama mmoja mwenye miwani na subira kunishinda.

Akatuwekea vifurushi viwili mezani. Kimoja kina kila kitu. Cha pili, cha wastaafu, ni nafuu lakini hakigusi ajali za kazini. "Mzee bado anafanya vibarua?" akauliza. Nikamdakia: "Kazi gani tena? Huyu kazi yake siku hizi ni kulala kwenye kochi na kugombana na redio!" Tukasaini cha pili. Mimi ndiye niliyechagua, nasema mapema msije mkamlaumu mzee.

Sasa, wale watu wa machinjioni wana mtindo wao. Visu vikali, hasira kali, na kampuni ilikuwa ikifukuza wote wawili waliopigana. Kwa hiyo mwenzako akikuchoma, hospitalini unasema kisu kimekuponyoka kazini, yamekwisha. Mume wangu ana makovu matatu ya namna hiyo, moja liko vidole viwili tu kutoka kooni, na waliomchoma alikula nao meza moja hadi siku ya kuagwa. Ujinga mtupu, lakini kwao ndiyo heshima.

Mkwe wetu naye ni mtu wa kisu. Mzee ndiye aliyemwingiza machinjioni akamfundisha kazi. Jumamosi moja mchana tulikwenda kwao kumwona binti yetu, na kabla hatujabisha hodi tukasikia kitu kikigonga kabati. Kilikuwa kichwa cha mwanangu. Nilimkuta mkwe amemkamata nywele, mdomo umepasuka, damu imefika kwenye kola, watoto wamejibanza chini ya kitanda. Mzee akamrukia. Wakabingirishana hadi jikoni, viti vikavunjika, nami nikamtwanga mkwe mgongoni kwa kikaango mpaka mpini ukang'oka. Akachomoa kisu chake cha kazi, akamchana mzee mkono wa kulia kutoka kwenye kiwiko hadi kiganjani, kisha akatimua mbio.

Hospitalini karani akauliza imekuwaje. Mzee, uso umemparara, akasema: "Kisu kimeniponyoka kazini." Nikafungua mdomo nimwage yote, binti yangu akanishika mkono. "Mama, tafadhali, watamfunga." Nikanyamaza, Mungu anisamehe.

Damu waliizuia. Lakini kuunganisha kano na mishipa ya fahamu ni kazi ya daktari bingwa, na bingwa haanzi bila barua ya bima. Watu wa bima wakajibu haraka: mstaafu, ajali ya kazini, hatuhusiki. Daktari akatuambia, "Mnao muda hadi kesho jioni. Baada ya hapo mkono huu utabaki kuning'inia." Nikamsihi mzee hadi sauti ikanikauka. Akageukia ukutani. "Sijawahi kumtaja mtu. Sitaanza na baba wa wajukuu wangu."

Kesho yake asubuhi mkwe akaja wodini, kanyoa ndevu, mkononi mfuko wa machungwa. "Baba, asante. Wewe ni mwanaume wa kweli." Kisha akamgeukia binti yetu, akamkamata mkono. "Inuka, twende nyumbani." Na mwanangu akainuka! Mkojo unamtiririka miguuni, na bado anamfuata.

Mzee akaona. Alishuka kitandani, akaikamata stendi ya dripu kwa mkono wa kushoto, akamtandika nayo mkwe usoni. Pua ikavunjika tukaisikia. Akamtandika tena, meno mawili yakaangukia kwenye machungwa. Walinzi watatu wakamkaba mzee, naye anapiga kelele wodi nzima isikie: "Karani! Futa yale ya jana! Huyu ndiye aliyenichana! Mkwe wangu! Andika jina lake!"

Barua ya bima ilikuja saa nane, saa tisa wakampasua. Vidole viwili havikupona. Mkwe yuko ndani, binti na wanawe wako kwetu. Watu wananiuliza kama sioni haya, mzee mzima kupigana mbele ya wagonjwa. Haya ya nini? Mimi kinachoniuma ni kwamba ile stendi ilikuwa nyepesi.