Mnaojiandaa kwenda chuo: siku Mngoni alipokalia sanduku langu stesheni ya Nachingwea

Wakuu, shikamooni kwa walionizidi umri, ingawa humu sidhani kama mpo. Waliobaki, nipeni shikamoo yangu kabla hamjaanza kusoma.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Mandawa, Ruangwa. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, kwa hiyo atakayekosoa herufi aje anunue miwani mipya tugawane.

Nimepita kwenye ule uzi wa vijana waliomaliza form six, wanaulizana wabebe nini chuoni. Pasi, godoro, laptop, extension, rice cooker. Vizuri. Bebeni.

Ila kuna jambo sijaona hata mmoja akilitaja, na mimi nusura lininyime chuo kabla sijakiona. Ni kweli tupu, lilinikuta mimi. Mnaotaka kusema ni chai, leteni na maandazi kabisa.

Ni miaka ya hamsini. Muingereza bado yupo, mradi wake wa karanga wa Nachingwea umeshamshinda, mashamba yamebaki na matrekta yanaota kutu. Ila reli ya kwenda Mtwara bado inafanya kazi. Nyie wa juzi hamuijui hiyo reli, mashina ya korosho yameota ilipopita.

Nilimaliza darasa la nane. Msicheke! Darasa la nane enzi hizo lilikuwa jambo zito, watu walikuwa wanakuja nyumbani kukuangalia tu. Nikachaguliwa kwenda chuo cha ualimu, kule upande wa Dar es Salaam.

Safari yenyewe ilikuwa hivi: treni kutoka Nachingwea mpaka Mtwara, kulala, asubuhi kupanda meli. Ukikosa treni umekosa meli. Ukikosa meli, chuo kinafunguliwa wewe hupo, na walishatuambia wazi kwamba nafasi ya asiyeripoti anapewa mwingine. Hakuna cha kupiga simu wala kutuma meseji kwamba niko njiani.

Kwa hiyo mimi na maisha yangu yote tulikuwa tunaitegemea treni moja.

Nyumbani waliniandaa kama bwana harusi. Kwetu Wamwera, mtoto ni wa mjomba, baba anasikilizwa lakini mjomba ndiye anayeamua. Mjomba wangu wa Malolo akanitengenezea sanduku la bati kwa fundi, bati lenyewe la mabaki ya mradi wa karanga. Nikawekewa blanketi, mashati, kaptula za kaki, kanzu ya Ijumaa, na viatu. Viatu, wakuu! Sikuwahi kuvaa viatu, na niliapa sivivai mpaka nifike chuoni visije vikachakaa.

Mama yangu Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani tu, mambo ya moyoni alisema kwa Kimwera. Ila siku ile aliniaga kwa Kiswahili, nadhani ili nijue kwamba neno lenyewe ni kubwa. Akasema, "Mwanangu, huko ukifika, watu kwanza. Kitabu baadaye."

Nikaitikia ndiyo mama, huku akili iko kwenye viatu.

Mjomba akanipandisha lori la ufuta pale Ruangwa. Nikashuka Nachingwea peke yangu, nikamkuta mwenzangu Rashidi ananisubiri stesheni. Huyu Rashidi alikuwa wa Chiola, tumesoma darasa moja, na yeye kachaguliwa chuo hichohicho. Baba yake alikuwa mpishi wa Wazungu wa karanga, kwa hiyo kijana alikulia kwenye nyumba za kampuni. Kiingereza alikuwa anakimwaga kama maji ya mtungi. Roho yake nzuri tu, msije mkamchukia.

Haya. Treni imesimama inatoa moshi. Nimeweka sanduku chini nijifute jasho.

Kugeuka, namkuta mzee mmoja kalikalia!

Alikuwa mpagazi wa stesheni, ana sare ya kaki na mikono mikubwa kama majembe. Simjui, hanijui. Akaniuliza kabila. Nikasema Mmwera wa Mandawa. Loh! Mzee akapiga makofi.

"Nilijua tu! Mimi Komba, Mngoni wa Songea. Sasa wewe mtumwa wangu, nani kakupa ruhusa ya kusafiri? Babu yangu alimtoa babu yako kwenye shimo la panya kwa mkono wake. Sanduku hili ni langu, na wewe mwenyewe ni wangu."

Wajukuu zangu, kama umekulia mjini unaweza kusoma hapo ukatafuta polisi. Huo ni utani. Wangoni walikuja kutupiga enzi za mababu, vita ikaisha, ukabaki utani. Mtani anachukua chako, anakutukana, anakuzika akilia kwa uongo, na wewe unarudishia vilevile. Atakayenuna ndiye mjinga.

Na mimi kwa utani sikuwa mtu wa kuchezewa. Nikamjibu, "Shuka hapo mzee! Babu yako alikuja Umwera na mkuki, akarudi Songea anakimbia kashika tumbo, maana alikula muhogo mchungu bila kuuloweka!"

Komba akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Mambo yakawa yameanza kunoga. Bado kidogo angenipandishia sanduku mwenyewe na kunisukumia ndani ya behewa kwa matusi, ndivyo utani ulivyokuwa.

Sasa Rashidi, mtoto wa nyumba za kampuni, yeye kaona nini? Kaona rafiki yake ameporwa.

Akakimbia hadi ofisini, akamleta msimamizi wa stesheni. Mzungu mgeni, mashavu mekundu, Kiswahili chake kinaishia kwenye jambo na lete. Rashidi akamnyooshea Komba kidole, akasema kwa Kiingereza safi kabisa, "Sir, this man is a thief."

Wakuu, naomba mnielewe hapa. Komba hakujua Kiingereza. Alikuwa bado anacheka.

Alicheka mpaka askari wa stesheni alipomshika mkono.

Yule askari alikuwa mtu wa huku huku kusini, utani anaujua kama mimi. Aliniangalia kwa macho ya kuniomba nifanye kitu. Ila amri imetoka kwa Mzungu, na yeye Kiingereza chake kinaishia kwenye yes sir.

Mzungu akanigeukia mimi. Akaniuliza kwa Kiingereza kama sanduku ni langu. Ndiyo. Nilimpa ruhusa alichukue? Hapana.

Kwisha habari. Kila nililojibu lilikuwa kweli, na kila kweli ilimsogeza yule mzee jela.

Nikasema, "Sir, ni mchezo tu."

"Unamfahamu mtu huyu?"

"Hapana, Sir. Ndiyo kwanza namwona leo."

"Sasa mtu asiyekufahamu anachezaje na wewe?"

Nikaona nimweleze vizuri, si nimesoma? Nikamwambia, "Kwa sababu babu zake walipigana na babu zangu, Sir."

Akasema, "Kwa hiyo ni adui yako."

Yaani nilikuwa nachimba shimo kwa mikono yangu! Nikatafuta neno la Kiingereza la mtani. Nilipekua kichwani vitabu vyote nilivyosoma tangu darasa la tano. Hakuna. Nikamwangalia Rashidi, bingwa wetu. Rashidi kinywa wazi, na yeye hana.

Mzungu akasema basi, shauri hili liandikwe vizuri kituoni, na mimi nibaki nitoe maelezo. Wakati huohuo treni ikapiga filimbi.

Nikibaki, chuo kimekwenda, narudi Mandawa kupalilia ufuta na viatu vyangu kwenye sanduku. Nikipanda na kuacha mambo yalivyo, Komba anaondoka na pingu kwa kosa la kunitania.

Komba alikuwa hacheki tena. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Kijana, wanasema nini?"

Mpaka leo nikiikumbuka ile sauti naumia. Mtu mzima anahukumiwa mbele ya uso wake, anamuuliza mtoto wanasema nini.

Nikasimama wima. Nikamwambia Mzungu kwa sauti, "Sir, nimekosea kusema. The box is his. Nimempa. Ni lake."

Mzungu akanitazama kuanzia miguu yangu mitupu mpaka kichwani. Akauliza tena, ni lake kweli? Nikasema ni lake, Sir, na kila kilichomo.

Kwa utani wetu, hilo halikuwa uongo hata kidogo. Mtani akikalia kitu ni chake mpaka mtakapomalizana. Ila Mzungu alilichukua kwa maana yake, akamwambia askari amwachie, akabaki pale pale mikono mfukoni anatuangalia.

Sasa nitalichukuaje mbele ya macho yake? Treni inaanza kusogea. Rashidi kanivuta mkono, nikarukia behewa.

Nikaenda chuo mikono mitupu. Blanketi, kanzu, viatu vya mjomba, vyote nimeviacha Nachingwea na mtu nisiyemjua.

Njia nzima Rashidi hakukaa kimya. Mara naomba radhi, mara kwa nini hukusema tu kwamba ni utani. Nikamwambia, haya bingwa, sema wewe, utani kwa Kiingereza unaitwaje? Akafikiri. Tukapita stesheni ya kwanza, ya pili, anafikiri. Mwisho akasema hajui, akaanza kulia. Nikamwambia lia taratibu, nauli yenyewe ni ya serikali.

Nilitania, lakini mimi mwenyewe nilikuwa na hofu. Namuona mama anaambiwa kwamba mwanao amefika chuo hana hata blanketi.

Tukafika Mtwara jua linakaribia kuzama. Stesheni imejaa: Wahindi wa maduka, Wazungu wa bandari, wanafunzi wenzetu wa kutoka shule nyingine, wamevaa soksi mpaka magotini. Tunashuka kwa unyonge.

Mara gadi wa treni akasimama kwenye mlango wa behewa la mizigo, akapaza sauti mpaka watu wote wakageuka.

"Mtumwa wa Komba yuko wapi? Natafuta mtumwa wa Komba wa Nachingwea! Nimeapishwa nisimpe mzigo huu mtu mwingine yeyote!"

Sanduku langu! Yule mzee, gadi alinihadithia, alilitupia kwenye behewa la mwisho wakati treni inaondoka. Mzungu alipoona mpagazi anapakia mzigo, aliona kazi inaendelea.

Watu wakaanza kucheka, wanatafutana. Wale wa soksi ndefu wanaulizana, mtumwa ndiyo nani tena? Nikajua maana yake. Mzee ananidai jibu. Ama nipite kimya na heshima yangu ya msomi, ama nichukue sanduku.

Nikapaza sauti, "Mimi hapa!"

Gadi, na yeye Mngoni bila shaka, akaweka mkono sikioni. "Sijasikia! Wewe nani?"

"MTUMWA WA KOMBA NI MIMI!"

Stesheni nzima iliangua kicheko. Na mimi nilicheka, wakuu, nilicheka huku machozi yananitoka, sijui hata niliyatolea wapi. Rashidi akashika mkono mmoja wa sanduku, mimi mwingine, tukalitoa nje.

Komba sikumwona tena maishani. Nilipokuja likizo niliambiwa amehamishwa.

Sasa ushauri wangu kwa mnaokwenda chuo. Huko mtapewa lugha mpya, ya sheria, ya udaktari, ya kompyuta, sijui ya uhasibu. Jifunzeni, tena mpasue mitihani. Ila usiitumie kumsemea mtu vibaya mbele yake, kwa maneno ambayo yeye hawezi kuyajibu. Na ukiwa pale ukamsikia mwenzako anafanya hivyo, usipande treni kwanza.

Nimefundisha maisha yangu yote, na sijawahi kupata somo zito kuliko lile.

Haya, tupeni na yenu. Aliyepata masaibu siku ya kuripoti chuo aweke hapa, na anayejua utani unaitwaje kwa Kiingereza anisaidie, maana bado natafuta.

Na Wangoni mliomo humu najua mmeshaanza kuchekelea. Ndiyo, mtumwa wenu yupo, ni mzima na anakula vizuri. Njooni mniachie huru au mnilishe, hiari yenu.