Neno "Anatembea"

Jumamosi ile naikumbuka mpaka rangi ya kikombe nilichokuwa nimeshika, mwanangu, na ni wewe uliyenirudisha huko, kwa ujumbe wako wa jana kwenye grupu la familia: "Nadia siku hizi anatembea sana, nimemwona Flagey." Dada yako mwenyewe. Nimekasirika, na usiniambie, "Bibi, nilitania."

Nilikuwa kijana wakati huo. Tulikuwa tumetoka Bujumbura miaka michache tu, tukiishi Forest, hapa Brussels, mimi na mdogo wangu Salma. Mimi nilisafisha maofisi na kulea watoto wangu wawili. Salma alikuwa chuo kikuu, akisoma kitu ambacho sikukielewa faida yake: hadithi za mwanzo za Istanbul, za enzi za dola ya Uthmaniyya. Kila Jumamosi alichukua vitabu vyake, akaniachia nguo za kufua, akaenda kukaa kwenye benchi pale uwanja wa Flagey mpaka jioni.

Akirudi alinisimulia. Katika hadithi hizo, alisema, mwanamume anazurura bustanini kutwa, na mwandishi anamwonea huruma kwa kuwa amependa. Mwanamke akishuka tu kwenye gari la farasi, bustani ile ile, kurasa chache mbele ama ameangamia au ameangamiza mtu. "Hajafanya kitu, dada. Ameshuka tu." Mimi nilikuwa nakunja nguo zake, na huruma yangu kwa wanawake wa Istanbul ilikuwa ndogo sana.

Basi Salma akaposwa. Kijana mwenyewe alikuwa mzuri, na Salma alimpenda, aliniambia kwa mdomo wake. Shangazi wa kijana, Maman Feza, Mkongo wa Uvira aliyeuza vitenge mtaa wa Chaussée de Wavre, akapiga simu Jumamosi moja kuulizia tabia, kama desturi yetu.

"Bon, na samedi huyu mutoto anafanyaka nini?"

"Anatembea tu," nikasema.

Akanyamaza kidogo. "Anatembea?"

"Ndiyo, maman. Kila Jumamosi."

Unalijua neno hilo. Mwanamume akitembea, ananyoosha miguu. Mwanamke akitembea, watu wanauliza ni na nani. Mimi nilikusudia benchi na vitabu, wallahi. Lakini ule ukimya niliusikia, nikauelewa, kikombe changu cha bluu mkononi. Yalibaki maneno mawili tu ya kuongeza: anakwenda kusoma. Sikuyasema. Nilikuwa nimechoka na nguo zake, nikaona acha apate funzo.

Posa ikavunjwa wiki ile ile. Salma aliponiuliza nilisema nini, nikamjibu kwamba nilisema kweli. Hakulia. Akasema, "Hata wale waandishi walisema kweli, dada. Mwanamke alishuka kwenye gari." Akaingia chumbani. Baadaye alihamia Liège, na baada ya miaka mingi tukapatana, lakini Jumamosi zake hajanisimulia tena mpaka leo.

Sasa nijibu wewe. Ulipomwona Nadia ulikuwa wapi? Flagey. Ulikuwa unafanya nini? Unatembea. Mbona hakuna aliyeandika habari zako kwenye grupu?

Nimechoka kuona kosa langu likirithiwa nyumba hii kama sahani za harusi. Ukimtaja mwanamke aliye nje, malizia sentensi yako. Sema alikuwa amekaa, na kahawa yake, na wenzake, na kama hujui zaidi ya hapo, sema hujui. Na anayekusikiliza akinyamaza vibaya, msahihishe pale pale, kabla hajakata simu. Mimi nafasi hiyo niliipata, nikaimeza pamoja na chai.

Andika tena leo, mbele ya mashangazi wale wale waliosoma la jana. Mungu akupe ulimi safi, mwanangu, na akujalie mabinti watakaokuaga mlangoni bila woga. Na Nadia, Mungu ampe benchi lenye jua, akae hapo mpaka achoke mwenyewe.